Kinanda Hakijaiua Taarabu

Muhula uliopita, katika semina ya ushairi, mwenzetu mmoja aliuliza taarabu ilikufa lini. Hakuuliza kama ilikufa. Hilo alilichukulia kuwa limekwisha kuamuliwa, lililobaki ni kuandika tarehe juu ya kaburi. Darasa likaanza kupiga hesabu. Mmoja akasema miaka ya tisini. Mwingine akasema ilikufa siku fidla zilipofungwa kwenye masanduku yake na kinanda cha umeme kikasimamishwa mahali pa wapigaji wanne. Watu wakacheka, mwalimu akatabasamu, tukaendelea na mada nyingine. Mimi sikufungua mdomo. Ukimya ule umenikaa kooni tangu siku ile, na insha hii ni njia yangu ya kuutema.

Mimi ni mtu wa Vamizi. Wengi wenu hamjui ni wapi, na siwalaumu, kwa maana ramani za Kiswahili tunazochorewa darasani huishia Mto Ruvuma, kama kwamba lugha ilifika pale ikakosa nauli. Vamizi ni kisiwa chembamba, urefu wake ni kama kilomita 12, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Watalii walikijua kwa sababu ya kasa na matumbawe. Sisi wenyewe tunasema Kimwani, na Kiswahili tunakijua kwa sababu ya bahari: wavuvi wa upande wa Tanzania wamekuwa wakija kwetu na sisi tukienda kwao. Serikali yetu husema Kireno. Lakini ukichora mstari ulionyooka kutoka kisiwani kwetu, Maputo iko zaidi ya kilomita 1,800, na Dar es Salaam iko kama 500. Sikio la mtu husikiliza kilicho karibu.

Kilicho karibu, utoto wangu wote, kilikuwa taarabu ya kinanda.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Kila alipokwenda Mtwara kuuza ng'onda na kununua nyuzi alirudi na memori kadi ambayo kijana mmoja wa kibandani alikuwa amemjazia nyimbo. Mwaka mmoja alirudi na kitu kikubwa zaidi, kinanda cha Casio kilichotumika, funguo mbili hazilii. Alikaa nacho ukumbini, simu upande huu na kinanda upande ule, akitafuta sauti moja moja mpaka wimbo wote ukapatikana. Nyimbo alizozitafuta zaidi zilikuwa za Mzee Yusuf. Harusi za kwetu, kabla ya hapo, zilikuwa na ngoma za wanawake na matari. Sasa zikapata pia mjomba, jenereta la kukodi, na spika moja iliyokuwa ikikoroma. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, ndiye aliyekuwa akimsahihisha maneno. "Hapo hajasema hivyo," angemwambia, na kweli wakirudisha wimbo nyuma wanakuta hajasema hivyo. Mimi nilijua maana ya "inda" na "ulimbukeni" nikiwa na miaka tisa, na sikuyatoa kwenye kamusi.

Kwa hiyo mtu anapoketi semina akasema kinanda kimeua taarabu, mimi namuuliza: ile iliyofika kwetu ilikuwa nini? Maiti?

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Tunapodhani "kinanda" ni neno la mashine ya Kijapani tunajidanganya. Fungueni kamusi za zamani za Kiswahili. Humo kinanda ni chombo cha nyuzi, cha kukwaruzwa kwa vidole, ndugu wa gambusi. Waswahili walipoletewa piano na kinanda cha kanisani wakaviita kinanda pia. Ilipokuja santuri, nayo ikawa kinanda. Jina lilihama kutoka uzi hadi kidude cha kubonyeza bila mtu yeyote kufanya matanga, kwa sababu wenye lugha hawakuwa wakiangalia chombo kimetengenezwa na nini. Walikuwa wakiangalia kinafanya kazi gani: kubeba sauti ya mwimbaji. Leo wenye shahada ndio wanaotaka kulilinda neno ambalo wenyewe hawakulifungia mlango.

Na hizo fidla tunazozililia zilitoka wapi? Hakuna fidla iliyochongwa Pate. Tunafundishwa, na ni sawa tufundishwe, kwamba taarabu ya Unguja ilianza katika kasri la Sultani Barghash, na kwamba Mohamed Ibrahim alipelekwa Kairo kujifunza ganuni. Ikhwani Safaa wakaanzisha chama chao mwaka 1905 wakiwa na vyombo hivyo hivyo vya kuletwa. Fidla ni ya Ulaya iliyopitia Misri. Akodiani ni ya Ulaya isiyopitia popote. Tanga, Black Star Musical Club na Lucky Star waliingiza gitaa la umeme na besi, na leo tunaziita nyimbo za Shakila za wakati ule hazina ya taifa. Mombasa, Zuhura Swaleh alikuwa na taishokoto, chombo chenye vibonye kama vya taipureta kilichotoka Japani kikapitia India. Kila chombo katika taarabu kiliwahi kuwa mgeni aliyenung'unikiwa mlangoni. Kinanda cha umeme ni mgeni wa mwisho tu, na kosa lake kubwa ni kwamba tulikuwepo alipoingia.

Sasa nimtaje mtu, kwa sababu hoja isiyo na mtu huwa nyepesi mno kuipinga na nyepesi mno kuitetea. Mzee Yusuf ni Mzanzibari, mtunzi, mwimbaji na mpiga kinanda. Alipitia Zanzibar Stars Modern Taarab, na mwaka 2006 akaanzisha kundi lake mwenyewe, Jahazi Modern Taarab. Ndani ya miaka michache hapakuwa na harusi ya Dar es Salaam, Tanga wala Unguja ambayo haikumjua, na mashabiki wakampachika ufalme. Haya yote mnayajua. Tusichokiuliza ni kazi gani hasa anayoifanya mtu anayeongoza kundi akiwa nyuma ya kinanda.

Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Mwimbaji mmoja sauti yake ikiwa juu na mwingine ikiwa chini, mpiga ganuni ana kazi ya kuhangaika nazo. Mpiga kinanda hubonyeza kitufe kimoja na wimbo wote unahama kumfuata mwimbaji. Linaonekana jambo dogo, lakini fikirini maana yake katika kundi lililojaa waimbaji wanawake wenye sauti zisizofanana, kama Jahazi lilivyokuwa na Leila Rashid, Khadija Yusuf na Isha Mashauzi. Zamani sauti ya mtu ilibidi itafute nafasi yake ndani ya okestra. Kwenye kinanda okestra ndiyo inayomtafuta mtu. Isha Mashauzi baadaye alitoka akaunda kundi lake, Mashauzi Classic. Kiongozi ambaye wanafunzi wake wanaondoka wakiwa na uwezo wa kusimamisha kundi, sisi kwenye taaluma tungemwita nini? Tungemwita mwalimu, na tungempa ofisi.

Halafu kuna utunzi. Mtu mwenye kinanda anaweza kukaa peke yake usiku akaweka mstari wa besi, akaweka mwitiko wa fidla, akaweka nai, akajaribu beti zake juu ya vyote hivyo kabla hajamwamsha mtu yeyote. Mashairi na muziki vinazaliwa katika kichwa kimoja na siku moja. Wale wanaosema mashairi ya taarabu ya kisasa yameharibika wajiulize pia ni washairi wangapi, katika historia nzima ya ushairi wetu, waliwahi kuushika wimbo kutoka silabi ya kwanza hadi pigo la mwisho namna hiyo.

Nayajua majibu. Nimeyasikia yote, na baadhi yana uzito, kwa hiyo sitayaruka.

La kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni la sauti. Muziki wa Kiarabu ulioizaa taarabu una robo-sauti, zile sauti zinazokaa katikati ya funguo mbili. Mpiga udi au fidla anaweza kuziteleza kwa kidole. Kinanda cha kawaida hakina mahali pa kuziweka: una ufunguo mweupe na ufunguo mweusi, na katikati hakuna kitu. Vipo vinanda vinavyoweza kurekebishwa ili vitoe robo-sauti, lakini wapigaji wetu wengi hawahangaiki navyo. Hapa nakubali kwamba kuna kitu kimepotea, na asiyekubali hajawahi kusikiliza fidla ikilia taratibu kabla mwimbaji hajaingia. Lakini kupotea kwa maqam fulani ni hasara ya muziki. Si kifo cha ushairi wa Kiswahili, na sisi katika semina ile tulikuwa darasa la ushairi. Mzani haukatiki kwa sababu robo-sauti haipo.

La pili ni la ajira. Kinanda kimoja kimewaondoa wapiga fidla wanne na mpiga nai. Ni kweli, na ni uchungu kwa waliokaa miaka ishirini wakijifunza. Ila anayelisema hili awe tayari kusema pia okestra ya watu thelathini ilikuwa ikilipwa na nani, na ilikuwa ikifika wapi. Haikufika Vamizi. Haikufika hata Kilwa mara nyingi kiasi hicho. Unguja yenyewe, wasiokuwa na uwezo wa kuita klabu kubwa walikuwa na kidumbak: fidla moja, ngoma mbili ndogo, na besi iliyotengenezwa kwa sanduku. Watu wakubwa wakaidharau kama taarabu ya mafukara. Leo kidumbak inaandikiwa makala na kualikwa matamashani. Mjomba wangu na Casio yake yenye funguo mbili bubu ni kidumbak yetu. Sina haja ya kungoja miaka hamsini ili mtu aje na kinasa sauti kuniambia kwamba ilikuwa sanaa.

La tatu ni mipasho. Hapa ndipo walimu wangu, ambao nawaheshimu na wataniwia radhi, huwa wanakunja uso. Nyimbo za kurushana roho, majina ya nyimbo kama "VIP" na "Mpenzi Chocolate", wanawake wanaotunza huku wakimnyooshea jirani kidole. Eti haya yameletwa na kinanda. Jamani, lelemama ya Mombasa ilikuwa na vyama vya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo vilishindana na kuchambana kwa nyimbo muda mrefu kabla ya kinanda hicho. Unguja nako kulikuwa na vyama vya wanawake vya taarabu vilivyotoleana maneno. Miaka ya tisini, Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walivyokuwa wakijibizana, mji wa Dar es Salaam uligawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Mpasho ni ufundi wa kusema bila kutaja. Tunapoukuta kwa Muyaka, akiwarushia watu wa Lamu mashairi kutoka Mombasa karne ya kumi na tisa, tunauita ushairi wa malumbano na tunautungia maswali ya mtihani. Tunapoukuta kwa mwanamke wa Temeke anayeimba juu ya kinanda tunauita ukosefu wa adabu. Tofauti yake ni nini, kama si kwamba Muyaka amekwisha kufa?

Nakiri kwamba zipo nyimbo za kisasa ambazo ngoma yake ya mashine haibadiliki tangu mwanzo hadi dakika ya kumi na tano, na beti zake zimefungwa kwa vina vya bahati nasibu. Nimezisikia, nimezichoka. Lakini hakuna anayeuhukumu utenzi kwa kusoma tenzi mbovu.

Lipo jibu la nne, nililisikia siku ile ile ya semina, na ndilo lililoniudhi. Mwaka 2016 Mzee Yusuf alitangaza hadharani kwamba anaacha muziki na kushika ibada. Mwenzetu akasema: mnaona, hata mwenyewe aliona aibu. Huku ni kuchanganya mambo. Mjadala wa ala za muziki katika dini yetu ni wa zamani, na wanaozikataa hawatengi udi na ganuni pembeni na kukilaani kinanda peke yake. Mtu akiacha muziki kwa ajili ya Mola wake hajatoa hukumu juu ya fidla na kinanda, na wala hakurudi nyumbani kuchukua fidla. Ni jambo lake na nafsi yake. Miaka michache baadaye akarudi jukwaani, na hilo nalo ni lake. Mimi ninayetoka sehemu ambako watu wenye bunduki walijipa kazi ya kuwaamulia wengine namna ya kuishi ninamheshimu mtu aliyejiamulia mwenyewe, alipoondoka na aliporudi. Kuuchukua uamuzi wa namna hiyo ukaufanya silaha ya kushinda hoja ya semina ni utovu.

Nimegusa vita, basi nimalizie. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Sisi wa visiwani tulidhani maji yatatulinda. Septemba 2020 wakaja Vamizi. Hoteli ya kifahari ikachomwa, watu wakafukuzwa kisiwani. Mjomba alipanda mashua na waliokuwa naye wakaenda Pemba, yaani mji wetu wa Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, msije mkadhani alifika kwa Wapemba wenu. Kinanda alikiacha ukumbini. Memori kadi ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa mfukoni. Nilipoongea naye baadaye aliniambia mambo mawili kwa sauti ile ile moja: kwamba bibi ni mzima, na kwamba kuna kijana wa kanisani huko Pemba mwenye kinanda anachomwazima siku zisizo za ibada. Walikuwa wamekaa na watu wa Palma, watu wa Mocímboa, Wamakonde, Wamwani, Wamakuwa. Jioni alipiga. Wote hawakuwa na Kimwani, na Kireno kilikuwa cha wachache. Zile nyimbo za Jahazi ndizo wengi walizozijua kwa moyo.

Mwaka 2019 SADC, katika mkutano wake wa Dar es Salaam, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Tuliandikiwa makala, tukafanya kongamano, tukala pilau. Kila mtu aliyepanda jukwaani aliuliza Kiswahili kitafikaje Msumbiji. Nilikuwa nimekaa nyuma. Kilikuwa kimekwisha kufika, wazee wangu. Kilipanda mashua ya ng'onda.

Shaaban Robert, ambaye hakuna hapa anayeweza kumshtaki kwa kupenda upuuzi, alikaa chini akaandika wasifu wa Siti binti Saad. Mtu aliyesimama juu kabisa katika fasihi yetu aliona haja ya kuandika maisha ya mwimbaji, binti wa mashambani Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, aliyekejeliwa mjini kwa asili yake kabla hajaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hakungoja afe miaka mia, wala hakuuliza kama alistahili kuingia katika mtaala. Na sisi? Katika orodha yetu ya kusoma, taarabu inaanza na Siti na inakomea naye, pamoja na aya moja juu ya vyama vya Unguja. Hakuna mpiga kinanda hata mmoja. Mzee Yusuf hayumo. Waziri Ally wa Kilimanjaro Band, ambaye amekaa nyuma ya kinanda miaka mingi akizigeuza ngoma za pwani kuwa dansi, hayumo pia, ingawa kila mmoja wenu amecheza "Njenje" harusini. Watu hawa wako hai. Wanaweza kuulizwa wimbo gani waliutunga kwanza, nani aliwafunza, beti gani waliifuta usiku wa kuamkia studio. Haya ni mambo ambayo kwa Muyaka tungetoa mkono wa kulia ili tuyajue.

Miezi miwili iliyopita niliwasilisha pendekezo la tasnifu. Kichwa chake kilikuwa juu ya vina na mizani katika tungo za Jahazi Modern Taarab, na namna zinavyoimbwa na Wamwani. Fomu ilirudi ikiwa na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu juu ya neno "tungo", na ushauri kwamba nitafute mada "yenye mapokeo". Nimeongeza kurasa nne za beti nilizoandikiwa na mjomba kwa ujumbe wa sauti, pamoja na masahihisho ya bibi pembeni. Kichwa nimekiacha kilivyokuwa. Jumatatu nairudisha.